Bud Spencer, bonge la mtu wa Napoli: maswali yenu na majibu

Wapendwa, toleo lililopita nilimgusia Bud Spencer, yule mwigizaji mnene wa sinema za ngumi na kauboi, kwa mistari miwili tu nikidhani yamepita, kumbe nimegusa penyewe. Meseji zimekuja nyingi mno, nyingine za kubishana, nyingine za watu wanaomkumbuka tu na wanataka kumuongelea, kwa hiyo nimeamua safu nzima ya leo iwe yake yeye. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha. Na niseme mapema kabisa, huyu mzee nampenda, msitegemee nitakaa katikati.

SWALI: Shikamoo anko. Mimi na kaka yangu tunabishana mwezi wa pili huu. Yeye anasema Bud Spencer ni Mmarekani kabisa, eti hata jina linaonyesha, mimi nasikia ni Mwitaliano. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Uko sahihi wewe, mwambie kaka yako anunue soda. Jina lake halisi ni Carlo Pedersoli, kazaliwa Napoli tarehe 31 Oktoba 1929, mtaa wa Santa Lucia pale karibu na bahari. Hilo la Bud Spencer alijipa mwaka 1967 akiwa anakaribia miaka 38, mtu mzima mwenye mke na watoto. Miaka ile Waitaliano walikuwa wanatengeneza sinema za kauboi kwa wingi sana, na maprodyuza walitaka mtazamaji akisoma majina kwenye bango aamini sinema imetoka Marekani, kwa hiyo waigizaji wakawa wanabatizwa upya. Yeye akachukua Bud kwenye bia ya Budweiser na Spencer kwa mwigizaji Spencer Tracy ambaye alikuwa anamkubali kupita maelezo. Mwigizaji mwenzake Mario Girotti, mzaliwa wa Venezia, akapewa orodha ya majina achague, akachagua Terence Hill. Basi ndo hivyo, Mnapoli mmoja na Mvenezia mmoja, dunia nzima ikaamini ni makauboi wa Texas.

SWALI: Anko, kuna mtu kaniambia eti yule mnene alikuwa bingwa wa kuogelea. Nimecheka sana. Ni kweli au ni maneno ya watu tu?

JIBU: Usicheke, ni kweli tupu, na kwa maoni yangu hapa ndipo hadithi yake yote inapoanzia. Mtu asiyejua upande wa maji hajamuelewa Bud Spencer hata kidogo.

Carlo alikuwa kijana mwembamba mrefu, zaidi ya mita 1.90, mabega mapana kama mlango. Familia ilihama Napoli ikaenda Roma mwaka 1940, akawa na kichwa chepesi shuleni mpaka akaingia chuo kikuu kusoma kemia akiwa na miaka 17 tu. Vita vikaisha, maisha yakawa magumu, mwaka 1947 baba akaihamishia familia Amerika ya Kusini, chuo akakiacha. Kule alifanya kazi za kila aina, kiwandani Rio de Janeiro, maktaba Buenos Aires, na ukatibu kwenye ubalozi mdogo wa Italia kule Recife, ndo maana Kireno chake kilikuwa safi. Halafu akarudi Roma, akaogelea kwenye klabu ya Lazio.

Sasa sikia. Tarehe 19 Septemba 1950, kwenye bwawa la Salsomaggiore, aliogelea mita 100 mtindo huru kwa sekunde 59.5. Alikuwa Mwitaliano wa kwanza kushuka chini ya dakika moja, kabla yake hakuna mtu nchini kwake aliyewahi kufanya hivyo. Akaenda Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, akarudi tena ya Melbourne mwaka 1956, zote mbili akafika nusu fainali. Na kama haitoshi alicheza na polo ya majini, akapata dhahabu na timu ya Italia kwenye michezo ya nchi za Mediterania mwaka 1955. Yaani yule unayemuona anatembea taratibu na tumbo lake mbele ni mwanamichezo wa daraja la juu kabisa, ndo maana hata alipofika zaidi ya kilo 100 mwili wake haukumwangusha, anageuka kama feni na pumzi haimuishii.

Sinema alikuwa anaonja tu pembeni wakati huo. Mwaka 1951 alikuwemo kwenye Quo Vadis kama askari wa mfalme wa Kirumi, mmoja kati ya wengi, ukipepesa jicho umempita. Waandaaji walikuwa wanamuita kwa sababu ya mwili, na yeye alikuwa anaenda kwa sababu ya posho.

SWALI: Kaka mkubwa, hizi ngumi alikuwa anapiga kweli? Mana ule mlio, na watu wanavyoruka juu ya meza, siamini kama ni maigizo matupu. Na ile ngumi ya utosini inaitwaje?

JIBU: Swali zuri sana hili na nitakaa hapa kidogo, mnivumilie.

Hapigi kweli. Ila usidhani ni kazi rahisi. Mapigano yale yalikuwa yanapangwa hatua kwa hatua kama watu wanajifunza ngoma, nani anaingia kutoka kushoto, nani anaanguka juu ya pipa, nani anasubiri hesabu ya tatu ndo aruke dirishani. Kamera inakaa nyuma ya anayepigwa au nyuma ya anayepiga ili ule upenyo kati ya mkono na shavu usionekane, halafu anayepigwa ndo anafanya kazi kubwa kwa kutupa kichwa kwa wakati sahihi, akichelewa kidogo tu tukio limeharibika wanarudia. Mlio unawekwa baadaye studio, na Waitaliano wakati ule karibu kila sauti waliiweka baadaye, kwa hiyo waliweza kuutengeneza mlio wa kofi uwe mkubwa kuliko kofi lolote la duniani. Ukiangalia filamu zake 3 au 4 mfululizo utaanza kuwatambua wale wanaopigwa, ni walewale! Riccardo Pizzuti kwa mfano, yule mrefu mwenye sura ngumu, kapigwa na Bud Spencer kwenye sinema nyingi sana, na bila watu kama yeye Bud Spencer asingekuwepo. Mtu anasifiwa kwa kupiga lakini aliyejua kuanguka ndo aliyemuuza.

Ile ya utosini wengi wanaiita ngumi ya nyundo. Mkono unapanda juu, ngumi inashuka wima katikati ya kichwa, na adui anazama kama msumari. Nyingine ni lile kofi la kiganja wazi linalomzungusha mtu mzima mzima.

Ila mimi sikuanza kumheshimu kwa sababu ya ngumi. Nilianza siku niliyoangalia kinachotokea KABLA ya ngumi. Jaribu na wewe, chukua pambano lolote, mwangalie yeye peke yake. Adui anakuja anampiga tumboni, hakuna kinachotikisika. Anampiga tena kidevuni, naye anageuza macho polepole tu, kope nzito, anamwangalia yule mtu kama anavyoangaliwa mtoto aliyemwaga chai. Anashusha pumzi puani. Unaisikia. Sekunde inapita, ya pili inapita, yule aliyepiga anaangalia mkono wake mwenyewe, na wewe unayetazama tayari unacheka na bado hakijatokea kitu chochote. Halafu ndo nyundo inashuka. Waigizaji wengi wakipewa nafasi wanajaza mbwembwe, huyu alikuwa na ujasiri wa kusimama tu, na kusimama mbele ya kamera bila kufanya kitu watu wakakuangalia wewe tu ni kipaji kigumu kuliko vyote. Nadhani alijifunza majini, mwogeleaji hapotezi pumzi bila sababu.

Na kuna jambo jingine. Kauboi za Kiitaliano za miaka ile zilikuwa za damu, maiti zimejaa, kila steringi ana kisasi. Muongozaji Enzo Barboni alipoleta filamu ya Lo chiamavano Trinità mwaka 1970, humo wamo Bud na Terence Hill, mambo yalibadilika, bastola zikasogezwa pembeni, makofi yakachukua nafasi. Watu wanapigwa mpaka wanarukia paa lakini mwisho wa siku wananyanyuka wakijishika kidevu. Hakuna damu, na baba anaweza kukaa na watoto wake wakaangalia wote. Mtu anayesema ni sinema za kipuuzi hajui ugumu wa kutengeneza pambano la dakika 10 ambalo mtoto wa miaka 6 na babu yake wanacheka sehemu ileile.

SWALI: Anko za leo. Naomba kujua alikutanaje na Terence Hill na je ni kweli waligombana ndo maana wakaacha kuigiza pamoja?

JIBU: Hawakugombana. Hilo la ugomvi lifute kabisa, wote wawili wamesema miaka yote kwamba hawajawahi kukosana.

Walikutana kwenye Dio perdona... io no! ya mwaka 1967, muongozaji Giuseppe Colizzi. Colizzi alikuwa anatafuta pandikizi la mtu, akamkumbuka Pedersoli, ambaye wakati huo alikuwa anahangaika na mambo mengine kabisa, alishaacha kuogelea, aliandika nyimbo kwa kampuni ya muziki ya RCA wakaimba kina Ornella Vanoni na Nico Fidenco, na mwaka 1960 alikuwa amemuoa Maria Amato, binti wa prodyuza mkubwa Giuseppe Amato. Ona maajabu, mkwe wake prodyuza na bado hakuwa na haraka ya kuwa mwigizaji! Steringi wa ile filamu alitakiwa awe mtu mwingine, Peter Martell, akavunjika mguu, wakamuita Girotti kwa haraka. Yaani urafiki wa miaka karibu 50 umezaliwa kwa mguu wa mtu kuvunjika. Cha kushangaza zaidi, wote wawili walikuwemo kwenye Annibale ya mwaka 1959 ila hakuna hata tukio moja waliloigiza pamoja.

Kutoka hapo wakafanya filamu zaidi ya 15 pamoja. Kwanini zilifaa? Mmoja mwepesi mwingine mzito, mmoja macho ya bluu na tabasamu la kitapeli, mwingine ndevu na hasira za mtu anayetaka aachwe alale. Mwembamba ndo anayeleta matatizo, mnene ndo anayalipia, na hataki, anakataa, ananung'unika, mwisho anaenda. Hayo nadhani kila mwenye ndugu mdogo anayaelewa.

Waliacha tu kwa sababu umri na ladha ya watu vilibadilika. Baada ya Miami Supercops ya mwaka 1985 walikaa miaka mingi, wakarudi mara moja tu mwaka 1994 na Botte di Natale.

SWALI: Nimeangalia filamu zake mbili kwa Kiitaliano, moja sauti ni nzito sana, nyingine ni tofauti kabisa na ana lafudhi. Ni masikio yangu?

JIBU: Masikio yako mazima, hongera, wengi hawagundui. Ile sauti nzito siyo yake, ni ya Glauco Onorato, mtu wa kutia sauti. Carlo alikuwa na lafudhi ya Kinapoli iliyokolea na waandaaji waliona haifai kwa kauboi, hata Terence Hill naye alitiwa sauti na Pino Locchi. Kwa hiyo Waitaliano wenyewe walimpenda kwa miaka mingi kwa sauti ya mtu mwingine.

Ukitaka kumsikia yeye tafuta zile za Piedone, kuanzia Piedone lo sbirro ya mwaka 1973 iliyoongozwa na Steno. Pale ni askari wa Napoli, kamishna Rizzo, hatembei na bastola, anajua kila mchuuzi na kila kibaka kwa jina. Kwenye hizo kaachwa aongee mwenyewe na unaona kabisa mtu yuko kwao, mwili umelegea, mikono inaongea. Kuna ya tatu, Piedone l'africano ya mwaka 1978, inayomleta mpaka kusini mwa Afrika na ndipo anapokutana na mtoto Bodo, na jinsi anavyomwangalia yule mtoto, kwa kweli, asiniambie mtu kwamba hakuwa mwigizaji.

SWALI: Sijawahi kuangalia hata moja, msinicheke. Nianzie wapi?

JIBU: Hakuna wa kukucheka, nakuonea wivu mana wewe bado una raha yote mbele.

Anza na Trinità. Dakika za mwanzo Terence Hill anakuja amelala kwenye kitanda cha fimbo kinachoburuzwa na farasi, miguu yake ina vumbi, hana haraka na dunia. Anaingia sehemu ya kula, anawekewa maharage, halafu anachukua sufuria zima, anakula na mkate mpaka anafuta chini. Hamna maneno. Ni mtu anakula tu na huwezi kuondoa macho. Baadaye ndo unakutana na Bud, amevaa nyota ya polisi kumbe ni mwizi wa farasi aliyejifanya sherifu, na mdogo wake, ndo Terence Hill, kaja kumharibia mipango. Sura anayoitoa akigundua ni nani aliyekuja ndo sura aliyoitumia kwa miaka 24 iliyofuata na haikuchosha.

Ya pili angalia Altrimenti ci arrabbiamo ya mwaka 1974. Kisa ni gari dogo la wazi, jekundu lenye turubai la njano. Wamelishinda wote wawili kwenye mashindano, wahuni wanaliharibu, na wao wanalitaka gari lao. Basi. Filamu nzima ni hiyo, wanataka gari lao, jekundu, turubai njano. Humo kuna tukio la kwaya, muuaji amejificha na bunduki yenye darubini, Bud yuko katikati ya waimbaji na zamu yake ya kuimba imefika, anaimba macho yamemtoka, jasho, na mwalimu wa kwaya hajui chochote anazidi kumpungia mkono aendelee. Nimeiangalia hiyo mara nyingi sana na bado nashika mbavu.

SWALI: Ni kweli alikuwa rubani na alimiliki ndege?

JIBU: Kweli. Mwaka 1972 waliigiza Più forte, ragazzi! wakiwa marubani, akanogewa, akasomea kabisa mpaka akapata leseni, ndege na helikopta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaanzisha kampuni ya ndege iliyoitwa Mistral Air, baadaye ikaja kuwa mali ya shirika la posta la Italia. Siasa pia alijaribu, mwaka 2005 aligombea kwenye mkoa wa Lazio kwa tiketi ya chama cha Forza Italia, hakushinda. Akipoteza kitu alikuwa na neno lake la Kinapoli, futtetenne, maana yake achana nalo, usijitese.

SWALI: Mdogo wangu, mimi ni mtu mzima, nimemwangalia huyu bwana tangu ujana. Naumia kuona wasomi wa sinema wanaandika kuhusu Waitaliano wengine wote ila yeye hawamtaji. Hivi kwao walimheshimu kweli?

JIBU: Shikamoo kaka. Umenigusa mana na mimi linaniuma.

Kwao walichelewa. Watu wa kawaida walijaza kumbi, sehemu ya pili ya Trinità ya mwaka 1971 ni kati ya filamu zilizouza tiketi nyingi kuliko zote katika historia ya Italia, lakini wahakiki na matamasha walimpita kama hayupo, na mwenyewe alilisema hilo waziwazi. Tuzo ya heshima ya David di Donatello, ile tuzo kubwa ya sinema ya Italia, walipewa yeye na Terence Hill mwaka 2010, akiwa na miaka 80. Angalau mwaka 2003 Ermanno Olmi, muongozaji anayeheshimiwa sana, alimchukua kwenye Cantando dietro i paraventi, nafasi tulivu isiyo na ngumi hata moja, na akaibeba vizuri mno.

Nje ndo walimpokea kama mtoto wao. Ujerumani kuna mji mdogo wa Schwäbisch Gmünd, mwaka 2011 wananchi walipiga kura kwa wingi handaki jipya la barabara lipewe jina lake, baraza la mji likakataa, basi jina likapewa bwawa la kuogelea la mji badala yake kwa sababu aliwahi kuogelea pale kwenye mashindano mwaka 1951. Mimi naona walimpa kitu kinachomfaa kuliko handaki. Budapest wakamjengea sanamu mwaka 2017, ila hakuiona. Alifariki Roma tarehe 27 Juni 2016 akiwa na miaka 86, na mwanae Giuseppe akasema neno la mwisho la baba yake lilikuwa grazie, yaani asante.

Siku ile Terence Hill alikuwa Almería, Hispania, kwenye maandalizi ya filamu yake. Taarifa ilimkuta palepale kwenye lile jangwa ambako miaka karibu 50 nyuma walikutana kwa mara ya kwanza kuigiza, yeye akiwa ameletwa kuziba pengo la aliyevunjika mguu. Alirudi Roma kumzika rafiki yake, halafu akaenda kuimaliza ile filamu, Il mio nome è Thomas, akaitoa kwa heshima ya Bud.